Furaha ndogondogo zinadai muda, si fedha

Ukipita kwenye mitandao ya kijamii siku hizi hukosi kukutana na orodha za vitu vidogo vinavyowafurahisha watu: shuka safi lililokauka juani, mvua inayoanza kunyesha ukiwa umeshaingia ndani, mtoto anayefunga kamba za viatu vyake mwenyewe kwa mara ya kwanza, ujumbe wa rafiki uliyedhani amekusahau. Wapo wanaoandika mambo matatu ya namna hiyo kila usiku kabla ya kulala. Wapo wanaopiga picha na kuziweka hadharani. Wafanyabiashara nao hawakukawia kuunusa upepo huo, na sasa matangazo yanatuhimiza tujipe zawadi ndogo kila siku kwa sababu tunastahili. Mjadala umefuata. Wanaolipenda jambo hili wanalisifu kana kwamba ni dawa ya kila maradhi ya moyo; wasiolipenda wanasema ni ujanja wa kuwazoesha watu makombo ili wasidai mkate mzima.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanachukulia kwamba furaha ndogo ni kitu rahisi, kinachopatikana bure, popote na kwa yeyote, na kwa hiyo kinaweza kushika nafasi ya mambo makubwa yaliyokosekana. Hapana. Ni kweli kwamba furaha hizi hazidai fedha nyingi. Lakini zinadai vitu viwili ambavyo kwa watu wengi vimeadimika kuliko fedha: muda ambao hakuna mwingine anayeudai, na akili iliyopata nafasi ya kutulia. Anayezitetea kwa dhati hana budi kuvitetea na hivyo viwili, na hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mtu na daftari lake la usiku, likawa letu sote.

Watafiti wa saikolojia wamelichunguza suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili nchini Marekani walichapisha matokeo ya mahojiano na washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, watu 29 waliopooza kutokana na ajali, na watu wengine 22 wa kawaida wa kulinganisha nao. Wengi wanaukumbuka utafiti ule kwa jambo moja tu, kwamba washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuwazidi kwa kiasi cha maana wale watu wa kawaida. Kwangu sehemu yenye uzito ni nyingine, nayo haitajwi sana. Waliulizwa pia kuhusu mambo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho kizuri, kusifiwa, kusoma jarida. Washindi walisema wanayafurahia kidogo kuliko watu wa kawaida. Siku ile kubwa ilikuwa imezikandamiza siku ndogo zilizofuata.

Haitoshi kuishia hapo, maana utafiti wa watu wachache namna ile hauwezi kubeba hoja nzima, na wapo wanaoutumia kudai kwamba fedha haina kazi katika furaha. Huo si ukweli. Mwaka 2020 Erik Lindqvist, Robert Östling na David Cesarini walichapisha uchunguzi mkubwa zaidi wa wacheza bahati nasibu nchini Uswidi, wakakuta kwamba walioshinda fedha nyingi waliridhika zaidi na maisha yao, na kwamba kuridhika huko kulidumu kwa zaidi ya miaka kumi. Fedha inaondoa hofu ya kesho, na mtu asiye na hofu hiyo yuko katika hali tofauti kabisa na yule anayehesabu siku zilizobaki kabla ya kodi ya nyumba. Anayesema maskini anaweza kufurahi sawasawa na tajiri mradi tu ajifunze kutazama machweo, anasema jambo lisilo na msingi na linaloumiza. Lakini uchunguzi huohuo wa Uswidi ulionyesha pia kwamba fedha ziliathiri kwa kiasi kidogo zaidi furaha yenyewe, yaani namna mtu anavyojisikia, kuliko zilivyoathiri tathmini yake ya maisha kwa ujumla.

Tofauti hiyo ndiyo moyo wa mjadala huu. Kuna swali la "maisha yako unayaonaje?" na kuna swali la "leo umeshindaje?" La kwanza mtu hulijibu kwa kutazama alichonacho na alikofika: elimu, kazi, nyumba, watoto. La pili hulijibu kwa saa moja moja. Ed Diener, aliyetumia maisha yake yote ya kazi kuchunguza furaha, alieleza na wenzake mwaka 1991 kwamba kiwango cha furaha ya mtu kinategemea zaidi ni mara ngapi anajisikia vizuri kuliko ni kwa nguvu kiasi gani. Furaha kali ni chache, na mara nyingi zimelipiwa kwa mateso yaliyotangulia. Furaha za wastani zinazorudi mara kwa mara ndizo zinazojaza siku. Harusi ni siku moja. Ndoa ni maelfu ya asubuhi. Tukikubali hilo, kuzipa heshima furaha ndogo ni kukiri tu kwamba sehemu kubwa ya maisha ipo humo, na wala si kushusha matarajio.

Sasa niwageukie wapinzani, kwa sababu hoja yao bora ni nzito na haifai kupuuzwa. Wanasema wenye nguvu wamependa sikuzote kuwahubiria wasio na nguvu habari za kuridhika. Mwajiri asiyetaka kuongeza mshahara huita semina ya shukrani. Mtawala aliyeshindwa kuleta huduma huwasifu watu wake kwa uvumilivu. Hatari hii ni ya kweli, na yeyote aliyewahi kuambiwa "shukuru una kazi" siku aliyodai haki yake anaijua ladha yake. Ikiwa kusherehekea madogo maana yake ni kunyamazia makubwa, basi nami nitasimama upande wa wapinzani bila kusita.

Ila hoja hiyo imezaa nyingine dhaifu, inayorudiwa sana: kwamba furaha ndogo ni anasa ya watu wasio na shida, na mwenye shida za kweli hana nafasi nazo. Hii haisimami mbele ya ushahidi. Miaka ya 1990, huko San Francisco, Susan Folkman aliongoza utafiti wa wanaume waliokuwa wakiwauguza wenzi wao wenye UKIMWI, kipindi ambacho ugonjwa huo haukuwa na tiba ya kuutuliza kama ilivyo leo. Wengi wao walifiwa katika muda wa utafiti wenyewe. Mwanzoni watafiti waliuliza kuhusu dhiki tu. Washiriki ndio waliolalamika, wakasema hamtaelewa tunavyomudu hali hii msipotuuliza pia kuhusu mazuri. Swali likaongezwa: ni jambo gani ulilofanya au lililotokea, likakufanya ujisikie vizuri na kukusaidia kuimaliza siku? Karibu katika kila mahojiano mtu alikuwa na la kusema, na mengi yaliyotajwa yalikuwa mambo ya kawaida kabisa. Watu wale hawakuwa wamesahau kifo. Walikuwa wakikitazama kila siku, na bado walikuwa na jambo dogo la kushika.

Nililiona hilo kwa karibu nilipokuwa namuuguza mama yangu. Aliomba kitanda chake kisogezwe dirishani ili jua la asubuhi limpige miguuni, na kila siku, kwa nusu saa hivi, alikaa kimya na kuzitazama nyayo zake kwenye mwanga. Mama huyohuyo alimbana daktari kuhusu dozi ya dawa za maumivu mpaka ikabadilishwa. Hakuna kimoja kilichokula nguvu za kingine. Kama kuna lolote, siku alizopata jua lake alikuwa na pumzi zaidi ya kudai.

Historia ya wafanyakazi inaonyesha jambo lilelile kwa upana zaidi, na nashangaa kwamba halitajwi kwenye mabishano haya. Robert Owen, mwenye viwanda aliyegeuka mtetezi wa wafanyakazi huko Uingereza, alitoa mwaka 1817 wito wa kuigawa siku mara tatu: saa nane za kazi, saa nane za mtu kujifurahisha, saa nane za kulala. Mwaka 1856 waashi wa mawe wa Melbourne, Australia, waliacha nyundo zao, wakaandamana, wakazipata saa hizo nane bila kupunguziwa ujira. Mwaka 1912 Rose Schneiderman, aliyewahi kuwa mshonaji kofia kiwandani, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba mfanyakazi lazima apate mkate, lakini lazima apate na waridi pia. Mwaka 1919 mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani ukahusu saa za kazi viwandani: nane kwa siku, 48 kwa wiki. Na Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, linataja mapumziko na wakati wa starehe kuwa haki ya kila mtu. Soma orodha hiyo tena uone kilichokuwa kikidaiwa. Fedha ilikuwamo, ndiyo. Lakini kilichopiganiwa kwa ukali uleule ni jioni: saa za kukaa mlangoni, kucheza na watoto, kuimba, kutofanya lolote. Watu waliozijua furaha ndogo na kuzithamini ndio waliokataa kunyang'anywa. Asiyejua anachopoteza hana sababu ya kugoma.

Upande wa mashabiki nao una hoja dhaifu, nayo ni ile ya zawadi ndogo ya kila siku. Hoja inasema: siwezi kununua nyumba, basi walau nijinunulie kitu kidogo leo. Naelewa uchungu uliomo, na simlaumu mtu kwa kununua kitu kinachompa tabasamu. Tatizo ni pale ununuzi unapofanywa kuwa ndiyo furaha yenyewe. Kitu kilichonunuliwa kila siku hukoma haraka kuwa zawadi kikawa mazoea, na mazoea yakikatika yanakuwa upungufu. Mtu anaishia kulipa ili asijisikie vibaya, jambo ambalo ni tofauti sana na kujisikia vizuri. Zaidi ya hapo, biashara inauza kitu cha haraka, wakati kinachofanya jambo dogo liwe tamu ni kulikawiza. Fred Bryant wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, amechunguza kwa miaka mingi uwezo wa watu wa kuifaidi furaha, yaani kuitambua inapotokea, kuirefusha na kuirudia akilini baadaye. Anauchukulia kuwa uwezo tofauti na ule wa kustahimili shida, na kwamba unaweza kukuzwa. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuvumilia na bado asijue kufaidi. Wengi wetu tumelelewa hivyo: tunasifiwa kwa kustahimili, na hakuna aliyetufundisha kukaa ndani ya jambo zuri bila kuharakia lijalo.

Maonyesho nayo yanaharibu, ingawa hapa inabidi nitofautishe. Kupiga picha si adui. Kristin Diehl na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mara nyingi mtu anayepiga picha anahusika zaidi na anachokitazama, na hukifurahia zaidi. Lakini Alixandra Barasch, pamoja na Diehl na Gal Zauberman, walikuta baadaye kwamba anayepiga picha kwa nia ya kuwaonyesha wengine mtandaoni hufurahia kidogo kuliko anayejipigia kumbukumbu, kwa sababu anaanza kujiuliza watu watamwonaje. Simu ni ileile, machweo ni yaleyale, lakini mtazamaji ameshaondoka pale aliposimama. Vivyo hivyo kwa kuifanya furaha kuwa wajibu. Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kuipa furaha thamani kubwa kupita kiasi kunaweza kumwacha mtu amevunjika moyo hata katika hali nzuri, kwa kuwa anajipima kila dakika kama amefurahi vya kutosha. Sonja Lyubomirsky naye alikuta kwamba walioandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki walinufaika, na walioandika mara tatu hawakunufaika. Kwa hiyo daftari la kila usiku, linalopigiwa debe sana, huenda likamchosha mtu haraka akalifanya kama kazi ya nyumbani ya shule.

Kinachobaki, basi, ni umakini na muda. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwauliza watu wazima 2,250, kupitia programu ya simu, kwa nyakati zisizotabirika katika siku: unafanya nini, unajisikiaje, na je, unafikiria unachofanya au kitu kingine? Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, akili ilikuwa kwingine. Na ilipokuwa kwingine, kwa jumla watu walikuwa na furaha kidogo, hata mawazo hayo yalipokuwa ya kawaida tu, si mabaya wala mazuri. Mara nyingi matokeo haya hugeuzwa kuwa lawama: tuliza akili yako, acha kuzurura. Mimi nauliza akili hiyo ilikuwa inazurura wapi. Ya mzazi anayemwogesha mtoto huku akisubiri ujumbe wa msimamizi wake wa kazi haizururi kwa kupenda. Ya kijana asiyejua kama wiki ijayo atapewa zamu haizururi kwa ukosefu wa nidhamu. Umakini tunaouhubiri kana kwamba ni tabia njema ya mtu mmoja mmoja unaliwa na mipango iliyopangwa na watu wengine, na hakuna daftari litakaloweza kuurudisha ikiwa mipango hiyo itabaki ilivyo. Ufaransa ilichukua hatua ndogo mwaka 2017, sheria ilipoanza kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana kwa simu na barua pepe nje ya saa za kazi. Haikumaliza tatizo. Walau ililiweka tatizo mahali pake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba furaha ndogo hukua inaposimuliwa kwa mtu anayesikiliza. Shelly Gable na wenzake walichunguza, mwaka 2004 na tena 2006, kinachotokea mtu anapomletea mwenzi wake habari njema, hata iwe ya kawaida. Anayepokelewa kwa shauku, akaulizwa "ikawaje?", hupata furaha zaidi ya ile iliyoletwa na tukio lenyewe, na namna wenzi wanavyopokeana katika mazuri ilihusiana zaidi na uimara wa uhusiano wao kuliko namna wanavyopokeana katika mabaya. Sisi tuna utaratibu wa kukusanyana kwenye msiba na ugonjwa, na ni jambo la kujivunia. Lakini mtu akija na kajambo kadogo kalikomfurahisha, mara nyingi anajibiwa "sawa" na macho hayainuki kutoka kwenye simu. Kumjibu vizuri kunahitaji dakika tano. Dakika hizo nazo lazima ziwepo.

Nazo hazijagawanywa sawa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa. Hapa ndipo naona sherehe ya mambo madogo inapopimwa kwa kweli, maana jioni tulivu ya mmoja mara nyingi imenunuliwa kwa saa za mwingine. Baba anayekaa nje kupunga upepo baada ya kula ana haki ya upepo huo. Swali ni nani yuko ndani anaosha vyombo, na kama yeye naye ana jioni yake. Yeyote anayeandika orodha ya mambo yaliyomfurahisha leo angefanya vyema kuitazama na kuona ni mangapi kati ya hayo yaliwezekana kwa sababu mtu mwingine nyumbani hakukaa chini tangu alfajiri. Kisha zamu ibadilishwe, kuanzia kesho, na kila wiki. Na mwajiri anayetaka wafanyakazi wake wathamini madogo ya maisha aahirishe semina, atangaze ratiba za zamu mapema, na aache kuwatumia ujumbe saa nne usiku.